Daftari la Isecheno

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Isecheno bado ni giza na matone. Mvua ilikoma usiku wa manane, lakini miti haijapata habari. Inaendelea kunyesha yake yenyewe, tone moja moja, juu ya paa la banda nililolala. Jana jioni nilitoka Kakamega mjini kwa matatu hadi Khayega, nikapanda nyingine hadi Shinyalu, na kutoka hapo nikabebwa na bodaboda kwenye barabara ya udongo mwekundu inayoingia msituni kama mtu anayeingia nyumba asiyoijua, kwa kusitasita.

Mwongozaji wangu ananingoja mlangoni. Ni kijana wa Kiisukha ambaye sitamtaja jina; hakuja kuandikwa gazetini, alikuja kunionyesha ndege. Ana darubini shingoni na simu mfukoni mwa shati. Ndani ya koti, kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, ana daftari la shule la kurasa mia mbili.

"Mzee, twende polepole," ananiambia. "Hapa macho huja baadaye. Kwanza masikio."

Nimekuja kufuata njia ya zamani, na njia hii ya matope ni kipande chake tu. Ninayoifuata ni njia iliyopitwa na swali moja dogo, "umeona nini?", ambalo wapenda ndege wamekuwa wakiulizana kuhusu pembe hii ya Kenya kwa zaidi ya miaka 130. Wamelibeba kwa msafara wa wapagazi, kwa jarida, kwa matembezi ya Jumatano, kwa barua pepe, na sasa kwa simu iliyo kwenye shati la kijana huyu. Nataka kujua kila kikao walichohamia kiliwapa nini na kiliwanyang'anya nini. Nina sababu yangu. Kimoja kati ya vikao hivyo kilikuwa changu, na kimekufa.

Njia inaanzia Mumias, siyo hapa. Mwishoni mwa mwaka 1889 Frederick Jackson, Mwingereza aliyekuwa akiongoza msafara wa kampuni ya Imperial British East Africa kutoka pwani, alipiga kambi kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Alitumwa kwa ajili ya biashara na siasa, ila moyo wake ulikuwa kwa ndege. Alipiga risasi, akachuna, akakausha, akaandika vijikaratasi vya mahali na tarehe. Baadaye shehena ile ilifika London, ambako Bowdler Sharpe aliichambua na kuchapisha orodha zake katika jarida la The Ibis. Mwaka 1891 ndege mmoja wa nyanda za juu, yule dume mweusi mwenye mkia mrefu anayerukaruka nyasini akitafuta mchumba, akapewa jina la Jackson katika Kilatini. Kwa wakati huo swali la "umeona nini?" lilikuwa likichukua mwaka na zaidi kwenda na kurudi, na waliolijibu wote wangeweza kukaa kwenye meza moja.

Februari 1890 Jackson alikuwa juu ya Mlima Elgon. Nyuma yake, kambini kwa Mumia, akatokea Mjerumani Karl Peters. Akakuta barua za Jackson zimemngojea, zikiwemo zilizotoka Uganda, akazifungua akazisoma, kisha akakaza mwendo hadi kwa Kabaka Mwanga kutia saini mkataba kabla Waingereza hawajafika. Wanahistoria hukisimulia kisa hiki kama sehemu ya kinyang'anyiro cha Uganda, na ndivyo kilivyo. Mimi kila nikikisoma nawaza jambo dogo zaidi: kwamba tangu mwanzo kabisa, katika nchi hii, ujumbe ulioandikiwa wachache ulisomwa na asiyehusika. Msimamizi yeyote wa kundi la WhatsApp atamwelewa Jackson.

Mwaka 1909, Nairobi ikiwa bado mji wa mabati na vumbi, Jackson huyo huyo alikuwa miongoni mwa waliounda chama cha wapenda viumbe, East Africa and Uganda Natural History Society. C. W. Hobley naye alikuwemo, ofisa aliyewahi kutawala kutoka Mumias. Mwaka uliofuata wakaanza jarida, na makumbusho madogo yakazaliwa humo humo, ambayo kizazi chake ndicho Makumbusho ya Taifa ya leo. Ukisoma majuzuu ya mwanzo utakuta watumishi wa serikali, wachungaji na walowezi wakisimuliana kuhusu vipepeo, nyoka, samaki na mayai ya ndege. Mmoja anauliza, mwingine anajibu toleo linalofuata. Palikuwa na kiingilio, palikuwa na kanuni, palikuwa na mhariri wa kukata maneno. Na palikuwa na ukuta: waliochuna ndege hao, waliopanda miti kuvitoa viota, waliojua kwamba ndege fulani hulia kabla ya mvua, hawakuwa wanachama. Maarifa yao yaliingia kitabuni bila wao.

Hata hivyo jarida lile lina sifa moja ambayo sitaacha kuisema kwa sababu tu linaniudhi. Lipo. Toleo la 1910 ninaweza kulisoma leo, kwenye rafu Nairobi au kwenye skrini kupitia Biodiversity Heritage Library.

"Simama," ananong'ona mwenzangu.

Juu, pahali ambapo shingo yangu haitaki kufika, kuna sauti nyembamba kama cherehani inayozunguka bila kitambaa. Anakunja kiganja nyuma ya sikio. Tunangoja. Hatimaye ananionyesha kidege kisichozidi kidole gumba, kijivu mgongoni, koo jeupe lenye utepe mweusi chini yake, na paji la rangi ya kutu. Kidege hiki kilipewa jina la kisayansi mwaka 1920 na van Someren, daktari wa Nairobi aliyekuwa na wazimu wa ndege, kwa heshima ya Allen Turner, fundi wa kukausha wanyama. Kwa Kenya kinajulikana zaidi katika msitu huu na ule wa Nandi Kusini. Watu huvuka bahari kuja kukitazama. Nimekiona kwa sekunde nne.

Kwenye njia ya kupanda kilima cha Lirhanda tunapita karibu na shimo la zamani la dhahabu. Siku hizi wenyeji ni popo. Mwaka 1931 Mmarekani mmoja aitwaye Johnson alipata dhahabu eneo la Kakamega, na habari zikaenea kwa walowezi waliokuwa wamefilisika kwa mdororo wa uchumi. Wakamiminika na sululu zao. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ikaibadili sheria ya ardhi za Waafrika, ambayo haikuwa imemaliza hata miaka mitatu, ili wachimbaji wasizuiwe. Mwaka uliofuata msitu wenyewe ukatangazwa kuwa hifadhi. Hivyo basi watu wa hapa wanajua, pengine kuliko wengi, kwamba kuna habari ambayo ikishatajwa pamoja na mahali ilipo haiwezi kurudishwa. Nitalirudia jambo hili.

Zamu ya sayansi iliporudi ilirudi na utulivu zaidi. Dale Zimmerman, Mmarekani, alichapisha mwaka 1972 utafiti mnene juu ya ndege wa Msitu wa Kakamega katika jarida la makumbusho ya New York, na hadi leo anayetaka kujua ni nani ametoweka humu lazima aanzie kwake. Tangu 1979 Marina Cords amekuwa akiwafuatilia kima wa hapa hapa Isecheno, familia kwa familia. Mwenzangu anawataja kima hao kama majirani, yule mkali, yule aliyefiwa.

Ila kikao kilichobomoa ukuta nilioutaja hakikuwa cha wataalamu. Mwaka 1971 Fleur Ng'weno alianza kuwaongoza watu kutazama ndege kila Jumatano asubuhi kutoka Makumbusho ya Taifa. Saa tatu kasorobo, mlangoni, yeyote aje. Hakuna mtihani, darubini unaazimwa, magari mnagawana. Wanafunzi wa Kikenya waliofika pale kwa udadisi wa asubuhi moja wakarudi wiki iliyofuata, na baadhi yao ndio walioandika vitabu na kuongoza miradi baadaye. Chama kile cha 1909, ambacho sasa kinafahamika kwa jina la Nature Kenya, kilibadilika sura kupitia miguu ya Jumatano. Huku Isecheno, katikati ya miaka ya 1990, waongozaji vijana walianzisha mpango wao wa elimu ya mazingira, KEEP, wakawa wanawafundisha watoto wa shule jioni na kuwaongoza wageni asubuhi. Wazee wa kundi hilo ndio waliomfundisha huyu niliye naye.

Nilijiunga na Jumatano nikiwa mwanafunzi. Na hapo ndipo nilipoelekezwa kwenye kikao changu.

Kiliitwa Kenyabirdsnet, na kilikuwa orodha ya barua pepe iliyokaa ndani ya Yahoo Groups. Kwa msomaji aliyezaliwa na simu mkononi, ngoja nieleze. Unaandika barua moja, inawafikia wote waliojiandikisha, na nakala inabaki kwenye tovuti ikiwa na tarehe na kichwa cha habari. Hakuna picha kubwa, maana laini hazikubeba. Kebo za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009 tu. Kabla ya hapo tulikuwa tukipumua intaneti ya setelaiti kwa mrija. Nilikuwa nikienda saiba mtaa wa River Road, shilingi moja kwa dakika, jicho moja kwenye barua na jingine kwenye saa iliyokuwa pembeni ya skrini ikila pesa zangu.

Lakini barua zenyewe! Mtu anarudi Kakamega, anaandika kurasa tatu. Anaanza na hali ya hewa. Anasema barabara ilikuwaje, nani aliwaongoza, mti gani ulikuwa umezaa, hondohondo wangapi walikuja kuula. Mwishoni, orodha: aina 96 kwa siku mbili, na nyota kando ya wale ambao hana hakika nao. Siku tatu kimya. Halafu mtu wa Laikipia anajibu kwamba ile nyota ya pili inamtia shaka, kwa sababu hizi na hizi. Wiki tatu baadaye anaingia mtu aliye Ulaya, aliyekuwa Isecheno mwaka 1984, ametafuta daftari lake ghalani. Mjadala mmoja ungeweza kufufuka baada ya mwaka, na hakuna aliyeona ajabu. Watanzania wa JamiiForums huuita mjadala wa namna hiyo "uzi", na ni neno zuri kuliko lolote la kompyuta nililosikia. Uzi unaweza kuuacha, ukaurudia, ukaushika ulipokatikia.

Wakati huo majukwaa yalikuwa yakichipuka kila pahali. Wakenya walikuwa na Mashada, walijadili hapo mpira, mapenzi na siasa, hadi Januari 2008, baada ya uchaguzi, matusi ya kikabila yalipozidi na mwanzilishi wake, David Kobia, akalifunga. JamiiForums, iliyoanza 2006, ilizima mitambo kwa muda Juni 2018 kwa sababu ya kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni Tanzania. Kila jukwaa lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na funguo. Sisi wa ndege tulidhani hatuna la kuogopa. Nani agombane na watu wanaobishania rangi ya mguu wa shakivale?

Hakuna aliyegombana nasi. Tulifungiwa na mtu asiyejua kama tupo. Oktoba 2019 Yahoo ilitangaza kwamba yote yaliyowekwa kwenye makundi yake yatafutwa, na tarehe 15 Desemba 2020 huduma nzima ikazimwa. Waliokuwa wepesi walihifadhi nakala walizoziweza, kila mtu kwenye sanduku lake la barua. Mimi niliamini kwamba sanduku langu la zamani lingenitosha, na nilipolikumbuka nilikuwa nimesahau nywila, na namba ya simu ya kurejeshea ilikuwa ya laini niliyoitupa zamani. Nilijifungia mwenyewe nje ya ujana wangu. Barua niliyoandika baada ya safari yangu ya kwanza Isecheno, yenye makosa matatu ya utambuzi na sahihisho la upole kutoka kwa mtu ambaye sasa ni marehemu, sijui pa kuitafuta.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikisimulia haya kama msiba, na kumlaumu Facebook. Ndiye aliyetuchukulia watu. Kuanzia miaka ya 2010 barua zilipungua, picha zikaongezeka. Mtu anaweka picha, anauliza "nani huyu?", majibu kumi yanamfikia kabla chai haijapoa, na kesho yake picha ile imezama chini ya nyingine mia. Ukiuliza mwezi ujao, mtu mwingine ameuliza vile vile na wale wale wamejibu vile vile. Kisha WhatsApp ikafupisha hata hayo. Anayeingia kundini leo kwa kawaida haoni ya jana, na simu ikijaa, yanafutwa ya juzi pamoja na salamu za asubuhi na vichekesho.

Nilimweleza mwenzangu msiba huu tukiwa tumekaa kwenye gogo, yeye akimenya yai. Alinisikiliza kwa adabu.

"Hiyo ya barua pepe," akasema, "mlikuwa wangapi kutoka huku Isukha?"

Nikafikiri. Nikakumbuka mmoja. Labda wawili.

"Na mliandika Kiingereza?"

Kiingereza, ndiyo. Kurasa tatu.

Hakusema zaidi, alinipa nusu ya yai. Lakini saa moja baadaye nilipata jibu lililobaki. Tulisikia mlio kwenye kichaka kizito, mlio mkali wa mafundo mawili. Kufikia nisogeze darubini ndege alikuwa kimya. Kijana alikuwa ametoa simu zamani. Aliinua mkono, akarekodi sekunde ishirini, akatuma kwenye kundi, akafuatisha ujumbe wa sauti kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiluhya. Kabla hatujafika mtoni, sauti nne zilikuwa zimerudi: mwongozaji wa upande wa Buyangu, kaskazini mwa msitu; mwingine wa Nandi; mwanafunzi aliye Eldoret; na mzee mmoja aliyecheka tu, akasema huyo hata mtoto angemtambua, akamtaja.

Hapa ndipo nilipoanza kuipunguza hasira yangu. Ndege wa msituni ni wa kusikiwa. Miaka yote ile tulikuwa tukigeuza mlio kuwa herufi, "tyuu-tyuu-prrr", na kubishana juu ya herufi. Watu wenye masikio bora zaidi katika nchi hii walikuwa nje ya kikao kwa sababu kikao kilitaka mikono inayochapa. Simu imewarudishia sauti yao, na ya ndege. Nikiipima njia yote kutoka Mumias, naona kila kikao kipya kiliingiza watu wengi zaidi kuliko kilichotangulia, na kikakumbuka machache zaidi. Jarida liliwakumbuka wachache kwa karne nzima. WhatsApp inawasikia wengi kwa siku mbili.

Hali ni hiyo hiyo nje ya ndege. Isukha ni nchi ya mapigano ya mafahali, na mashabiki wake ni wakali kuliko sisi. Zamani ulijua kuna pambano kwa kusikia ngoma za isukuti na pembe alfajiri zikishuka njiani na fahali. Sasa video zinatangulia, fahali wa Shinyalu na Khayega wana wafuasi walio mbali kabisa na Isukha, na mabishano ya nani alimkimbia nani hayaishi. Isukuti yenyewe iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mwendesha bodaboda wangu alinionyesha video tatu kabla hajawasha pikipiki. Ya pambano la miaka ishirini iliyopita hakuwa nayo, ila baba yake, alisema, anaweza kulisimulia lote.

Kuna njia ya tatu, na ingekuwa dhuluma kuipita. eBird ya Chuo Kikuu cha Cornell ilianza 2002 na kufunguliwa kwa dunia nzima 2010. Na Kenya ina Kenya Bird Map, inayoigawa nchi kwa vipande vya takriban kilomita tisa kwa tisa, kila mtu aorodheshe alichokiona katika kipande chake. Humo kumbukumbu inatunzwa vizuri kuliko jarida lolote. Pia wamejifunza kutoka kwa mashimo ya dhahabu, hata kama hawajui: ndege anayewindwa au kuuzwa, mahali pake hufichwa. Lakini humo hakuna mazungumzo. Namba inaingia, namba inatoka. Hakuna anayekuuliza barabara ilikuwaje, na yule wa Ulaya hana pa kuingilia na daftari lake la 1984. Najaza orodha zangu kwa uaminifu, kama mtu anayelipa kodi.

Tulipofika Ikuywa jua lilikuwa limeshapanda. Kulukulu mkubwa wa buluu alivuka juu ya mto kwa uzito wake wote, akatua vibaya kama kawaida yake, akapanda tawi kwa miguu. Kijana alimpiga picha kwa simu kupitia tundu la darubini, akaituma. Mtu akauliza mara moja: wapi hapo? Akaandika neno moja, "msituni," akairudisha simu mfukoni.

Kisha akafungua ule mfuko wa nailoni. Daftari lilikuwa na safu nne zilizochorwa kwa rula: tarehe, pahali, ndege, aliyemwona. Majina ya ndege yalikuwa kwa Kiingereza, mengine kwa Kiisukha yakiwa na alama ya kuuliza. Kwenye safu ya mwisho niliona majina ya wageni, ya waongozaji, na pengine "mtoto wa shule". Nikamwuliza yanarudi nyuma hadi lini.

"Hili ni la tano. La kwanza lilikuwa la mjomba. Lilianzia tisini na sita." Akapekua hadi kurasa za mwisho, akanionyesha mwandiko mwingine, wa haraka zaidi, ukinakili tarehe za zamani. "Lakini mchwa waliingia sandukuni. Wamekula tisini na nane yote na nusu ya tisini na tisa. Kwa hiyo namkalisha mjomba jioni, ananisomea kwa kichwa, mimi naandika. Tumefika Machi."

Akaniuliza leo ni tarehe ngapi, akaandika. Kwenye safu ya nne akaweka jina lake na langu.